Rangi Haijakauka

Kaka,

Shikamoo. Huku wote wazima, ila mimi nimechoka, na ukisoma utajua kwa nini.

Baba amegonga tena nguzo ya geti, na bampa la mbele limepasuka. Wewe kwenye simu ukasema ninunue jipya, kama vile mabampa yanaokotwa njiani. Nikalipeleka gari kwa fundi wa hapa mtaani. Akasema ataziba ufa, apige rangi, na bei yake haiumi. Basi kila nikienda ananiambia rangi haijakauka. Jana nikaingia gereji bila hodi, nikakuta hata kopo la rangi halijafunguliwa. Bampa limefungwa kwa waya, linaning'inia kama meno ya bandia.

Nikalirudisha gari nyumbani kwa hasira, nikijua Baba atafoka. Akatoka, akalizunguka taratibu, akainama mbele ya ufa unaopitisha ngumi.

"Safi sana," akasema. "Fundi huyu anajua kazi. Hata alama haionekani."

Mama akanitazama, nami nikatazama chini. Baba akanyoosha mkono nimpe funguo, aende dukani.

Nikamwambia asiliguse gari, rangi haijakauka.

Kaka, mimi nikitaja daktari wa macho ananifukuza sebuleni. Wewe kifungua mimba wake anakusikiliza. Acha habari za bampa jipya. Njoo mwenyewe, maana huu uongo wa fundi hautanifikisha mwisho wa wiki.

Mdogo wako, mwenye funguo mfukoni