Punda Juu ya Paa

Jumatatu, 3 Machi

Nimekubaliwa! Kuanzia leo mimi ndiye mfungashaji wa ule mchezo wa bure wa kompyuta, wa kujenga mji. Wenye mchezo wakitoa toleo jipya, mimi nalifungasha, nalijaribu, nalipeleka kwenye hazina ya programu, na watu wanalipakua. Malipo: ahsante. Mke wangu kauliza ahsante inaliwa na mboga gani.

Mfungashaji aliyeacha kazi kaniandikia neno moja: "Pole." Mcheshi huyo.

Jumanne, 4 Machi

Toleo jipya limetoka. Lifike hazinani kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo mchezo unaondolewa. Nimefungasha. Limegoma. Nimefungasha tena. Limegoma kwa sababu nyingine — hayo nayo ni maendeleo.

Nilifanya kazi kwa vipande. Mama mkwe, aliyekuja kwetu kuuguza kifundo cha mguu, haachii kompyuta. Ni mimi mwenyewe niliyemwonyesha mchezo huu, ili asichoke kukaa. Sasa ana mji wenye kinu, soko, na punda aitwaye Mheshimiwa.

Jumatano, 5 Machi

Limekubali! Nikalisakinisha kwenye kompyuta hiyo hiyo anayochezea mama mkwe, kulijaribu. Nikaanzisha mji mpya, ukajengeka vizuri. Nikajipigia makofi.

Jioni mama mkwe akakaa kitini. Akafungua mchezo. Kisha akamwita binti yake, na mimi nimesimama pale pale:

"Hebu muulize mumeo, mji wangu kaupeleka wapi?"

"Mama anauliza mji wake uko wapi."

"Mwambie mama naufuatilia."

"Anaufuatilia, mama."

"Nimesikia. Kilichoteguka ni mguu, si masikio."

Toleo jipya halifungui miji ya toleo la zamani! Nami nilijaribu kwa mji mtupu tu. Fundi gani hupima kitanda bila kukilalia?

Alhamisi, 6 Machi

Chai imekuja bila sukari. Sikuuliza.

Wenye mchezo wamejibu kwa upole: wachezaji waanze upya tu. Nikamtuma mke wangu apeleke habari kwa mama yake. Akarudi na jibu: waje waniambie wao.

Ana haki. Nikilipeleka hivi, kila mwenye mji atakuta kiwanja kitupu, na jina lililo kwenye kifurushi ni langu.

Mchana — afueni! Mtu mmoja katika kikundi chetu cha wafungashaji mtandaoni kaandika kiraka, kijiprogramu cha kusoma miji ya zamani. Nimekitia. Limegoma. Sishangai tena.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tisa na nusu. Limekubali! Nimefungua mji wa mama mkwe. Kinu kipo. Soko lipo. Mheshimiwa yupo — juu ya paa la kinu, anatafuna hewa. Hashuki.

Mke wangu kaninong'oneza: peleka tu, mama hatatazama juu.

Ko, ko, ko. Gongo lake la kutembelea hilo linakuja. Mama mkwe kakaa, kakodolea kioo macho. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akanigeukia bila mjumbe:

"Baba, wewe ungelala hapo?"

"Hapana, mama."

"Na punda wa wenzangu?"

"Nadhani nao wako juu, mama."

Saa kumi kasorobo. Kikundi kinaandika: vipi, tayari? Tukichelewa leo, mchezo unaondolewa. Mke wangu anasema bonyeza. Naandika haya kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uko karibu na kitufe cha kupeleka. Kati yake na kitufe — gongo la mama mkwe.