Mwenye Shamba Ni Mama Njoki

Baba yangu uliyelala,

Ulifika Eldoret na msumeno na blanketi, ukampasulia mzungu mbao hadi uhuru. Alipouza kiwanda chake ukakinunua na wenzako, na ile injini iliyomshinda fundi wake ikakutii. Kisha watu wakakupeleka Bungeni. Mimi nilijua tu kwamba baba yangu ananukia mbao hata akivaa suti.

Lakini nikikuwaza sikuoni Bungeni. Nakuona kwenye shamba lililonunuliwa kwa ushirika karibu na Cheptiret, siku ya kugawana vipande, karatasi za nambari zimekunjwa ndani ya kofia yako. Wajane waliobandua magome kiwandani walikuwa wamelipia hisa zao kama wanaume. Kamati ya ushirika ikataka mashemeji ndio wawachomolee karatasi.

“Mheshimiwa, hawa wataolewa tena,” mzee mmoja wa kamati alisema. “Ardhi itaenda kwa wageni.”

“Mzee, walipokuwa wakilipa, mbona hukusema wataolewa?”

Watu walicheka. Yeye hakucheka. “Basi kura yangu usiitafute.”

Uchaguzi ulikuwa karibu, nawe ulilijua hilo. Ukampelekea kofia Mama Njoki, mjane, kabla ya mtu yeyote. “Chomoa, mama. Kwa jina lako.” Akachomoa, akaikunjua karatasi mwenyewe. Wewe ulichomoa mwisho, ukapata kinamasi.

“Sawa tu,” ukasema. “Hata vyura wanahitaji mbunge.”

Kamati nzima ilikuhama. Wajane wakaingia nyumba kwa nyumba, wakazungumza na wake za wanaume wale wale. Matokeo yaliposomwa, ulikuwa umewashinda wapinzani wote! Wanawake wakakupigia vigelegele vitano, kama ambavyo kwetu hupigiwa mtoto wa kiume akizaliwa. Ukanishika bega. “Ongezeni vitatu vya msichana,” ukawaambia, nao wakaongeza. Nimesoma mengi tangu siku hiyo, Baba, ila sijafundishwa jambo kubwa kuliko hilo.

Hukuishi kuziona hati za mashamba. Zimetoka leo, nami nilimsindikiza Mama Njoki ofisini. Karani alitazama nyuma yetu, akauliza, “Mwenye shamba yuko wapi?”

“Kwani unaongea na nani?” Mama Njoki akamjibu, akavuta pedi ya wino, akabonyeza dole gumba kwenye hati yake.

Lala vizuri, Baba. Tumeshinda.

Msichana wako wa vigelegele vitatu