Kahawa Uliyokuwa Ukitutuma

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako nitaidai siku tutakayoonana, leo nina habari na siwezi kuzunguka: Ramazani amepata kibali cha kazi. Kiko hapa mezani kwako, nimekikandamiza kwa spana maana upepo wa ziwa umeamka vibaya leo. Mkweo wa Kalemie, yule uliyekuwa ukimwita "Mkongo wangu", sasa anaruhusiwa kushika pampu ya dizeli mchana kweupe, hapa hapa Kibirizi, ndani ya karakana yako. Na mwajiri wake ni mimi, Zaituni. Haya, cheka. Mama naye kacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Ila kwanza nikuseme kidogo. Ulivyokuwa hai nilikuogopa, sasa nitasema nipendavyo.

Unaikumbuka siku ile afisa kazi alipokuja mara ya kwanza? Ramazani, fundi pampu tangu kwao, alikuwa ameshahamia kwetu Katubuka baada ya ndoa, kwa sababu ulisema mwanao humvushi ng'ambo wakati mama yake hana mtoto mwingine. Kibali cha kuishi alikuwa nacho kupitia kwangu. Mwanaume wa watu na ndevu zake, kaandikwa mtegemezi wa Zaituni! Lakini kuishi ni kuishi na kazi ni kazi, hiyo ya pili ilitaka kibali chake, na lazima aombe mwajiri, na mwajiri aoneshe kwamba ujuzi huo haupatikani kwa wenyeji. Mwajiri ulikuwa wewe. Tulikufundisha nyumbani jinsi ya kujibu. Ungesema tu umri umekwenda, macho yamechoka, maboti ni mengi, unahitaji mtu. Ukaitikia ndiyo, ndiyo, nimeelewa.

Afisa mwenyewe mwanamama, akaja na faili lake, mpole kabisa. Akakuuliza kama hapa Kigoma hakuna Mtanzania anayeiweza kazi ya pampu. Ukasimama, Baba. Ukaiweka kofia sawa. "Hakuna? Kwani mimi unanionaje? Toka Kagunga mpaka Kirando muulize nahodha yeyote! Na vijana wangu hawa wote nimewafundisha, wanaiweza!"

Mimi nilikuwa nyuma ya mapipa nauma mtandio. Ramazani akatazama chini. Issa, mkubwa wa mafundi wako, na wenzake wakavimba vichwa kwa kusifiwa. Jibu lilipokuja lilikuwa la haki kabisa: wenyeji wapo, ombi limekataliwa. Mama akakununia, chakula anakuwekea, maneno hakupi, na wewe unazunguka nyumba unauliza, "Sasa mimi nimesema uongo gani?"

Ewe baba yangu wewe! Sifa zilikuponza, zikatuponza na sisi.

Unajua mwenyewe tulivyokaa baada ya hapo. Ramazani akageuka mtu wa nyumbani. Alipika lengalenga, ule mchicha wa kwao, kwa mawese hadi majirani wakaomba waonje, alilima nyuma ya nyumba, aliosha vyombo akiimba. Watu hawakosi la kusema. Wakasema Zaituni ameoa. Nikawajibu ng'ombe haelemewi na nunduye, kama mnaona mzigo basi si mgongo wenu. Wengine walimshauri ajibanze tu karakanani, afanye kimyakimya, nani atamwona. Ulikuwepo siku aliyowajibu, "Miye siwezi kutumika kwa kujificha sawa mwizi." Kwao kutumika ndiyo kufanya kazi. Wewe ukampiga begani, ukasema huyu ndiye mwanaume. Nilikupenda sana saa ile, na nilitaka pia kukutupia sufuria, kwa sababu aliyemfungia njia ni wewe.

Kisha ukaondoka. Asubuhi ulilalamika kifua, adhuhuri hukuwepo. Sikuwa tayari, Baba. Hata leo siko tayari, nikisikia injini ya boti inaingia ufukweni nageuka kutazama kama unaitegea sikio. Unajua ulivyokuwa unainamisha kichwa. Basi.

Msiba haujapoa, boti la mizigo likaja linatoa moshi mweupe, halina nguvu. Nahodha akatoa pole, akakaa kidogo kwa heshima, halafu akauliza nani sasa anaseti pampu. Issa akasema yupo. Akaifungua vizuri, akaisafisha vizuri, akairudisha vizuri. Boti likaondoka na moshi wake vilevile. Likaja la pili, hivyohivyo. Nilidhani ni majonzi. Nikamwambia Issa apumzike.

Nilijua ukweli siku ya arobaini yako. Baada ya hitima mafundi wako wote walikaa mkeka mmoja, wa hapa, wa Katonga, na yule aliyekimbilia Ujiji akafungua karakana yake. Wakaanza kukutaja na kila mmoja akaanza kumuuliza mwenzake kwa mzunguko: hivi ile hatua ya mwisho, ukishairudisha pampu kwenye injini, unaiwekaje? Wakatazamana. Yule wa Ujiji akasema pale Mzee alimtuma kahawa. Wa Katonga akasema hata yeye. Issa akajishika kichwa. "Jamani, miaka yote hii mimi nilikuwa nafuata kahawa!"

Baba, walicheka mpaka wakalia, na mimi niliyekuwa napita na sinia nikakaa chini. Kwa sababu na mimi je? Mimi ndiye niliyeanza kutumwa, tangu sijavunja ungo. "Zaituni mwanangu, kimbia pale msikitini uniletee kahawa, usije ukaimwaga." Na mimi natembea polepole nisiimwage! Nikirudi injini inanguruma, umeshafuta mikono, unakunywa. Kahawa yenyewe mara nyingi hukuimaliza. Uliwanyima wote mlango mmoja ili asije mtu akafungua karakana mbele yako. Najua maisha yalikupiga, najua uliibiwa wateja. Lakini ulimwambia yule mama wa serikali kwamba vijana wanaiweza, na ulijua wanafika wapi.

Ndipo simu ikaja kutoka Kalemie. Mwenye maboti wa kule anamtaka Ramazani, kazi ipo, nyumba ipo. Aliniambia tukiwa tunachambua mchele, bila kupandisha sauti. Amechoka kula jasho langu. Tuombe tena mara moja, ikikataliwa, mvua zikikatika atavuka. Sikumlaumu. Nilihesabu tu yangu: nikimfuata, Mama anabaki peke yake na kaburi lako. Nikibaki, mimi ni mke wa simu. Nililia, nikaoga, nikavaa, nikaenda kubadilisha leseni ya karakana iingie jina langu.

Tukatangaza nafasi ya kazi kama sheria inavyotaka. Akaja mmoja, fundi pikipiki, kijana mzuri, akaiona pampu akaniaga. Kisha ikabaki ile barua ya mwajiri, ya kueleza kwamba fundi mwenyeji hakuna. Kalamu ilinigomea. Kuandika "hakuna" niliona kama nakufukia mara ya pili, na wewe ulivyokuwa unapenda kutajwa. Nikaandika ilivyo: alikuwepo mmoja, ndiye baba yangu, amefariki, na aliowaacha hawajafika mwisho wa kazi. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Lako lilikuwepo, lilijaa karatasi nzima.

Akaja mama yuleyule wa serikali. Alivyoingia tu akauliza, "Mzee wa kofia yuko wapi leo?" Nilipomwambia alikaa kwenye kigoda chako, akatupa pole ya kweli. Kisha akafungua faili, maana kazi ni kazi. Mara ya kwanza aliambiwa vijana wote wanaiweza, maneno yako yamo humo humo. Sasa imekuwaje? Akamgeukia Issa. "Wewe ndiye mkubwa wao. Kazi hii unaiweza au huiwezi?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, Baba. Issa ana mke na watoto. Angesema "naiweza", Ramazani angevuka ng'ambo, na yeye angebaki fundi mkuu wa karakana nzima, hana wa kumpinga. Na angesema hivyo mbele ya vijana wanaomwita mwalimu. Wote wanamtazama. Akafuta mikono kwa kile kitambaa chako, akaifuta mpaka nikaona haiishi.

"Mama," akasema, "mimi naijua mpaka kwenye kahawa."

Yule mama hakuelewa. Ikabidi Issa amweleze yote, unavyomaliza kufunga, unavyojinyoosha, unavyoita, nani anatumwa, wapi. Afisa alianza kuandika, akaacha, akajifunika uso kwa faili. Alikuwa anacheka mpaka mabega yanaruka. Kisha akasema neno ambalo kwake lilikuwa la sheria tu, kwangu likawa zito: mgeni akipewa kibali cha kazi lazima amfundishe Mtanzania ujuzi wake, wote, mpaka naye aweze kusimama mwenyewe. Nani atafundishwa hapa?

Nikamtaja Issa, ni haki yake. Halafu nikasikia sauti yangu inasema, "Na mimi niandike."

Issa akasema, "Mwandike. Huyo katumwa kahawa kuliko sisi sote."

Tulisubiri. Sikuambii nilivyosubiri, Mama atakuambia, aliniona nikisuka nywele na kufumua. Mvua zikaanza kupungua, Ramazani akaanza kukunja mashati yake taratibu, na mimi nikawa nayakunjua. Mpaka simu ya ofisini ikaita, nije nichukue kibali. Nilipomletea alikisoma amesimama, akakisoma tena amekaa, akasema "Papa angefurahi," kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Nilimwacha. Mwanaume aliyekaa muda wote ule bila kushika spana ana haki ya kulia peke yake.

Jana boti likaja. Lilelile la moshi mweupe, Baba, nahodha amerudi kwa aibu kidogo. Ramazani alivaa bwelasuti yako, inamkaba kifuani. Tukamzunguka wote. Akafungua, akasafisha, akapima, akarudisha, huku anaeleza kila kitu kwa Kiswahili chake cha Kalemie na Issa akiuliza kama mtoto wa shule. Tukafika pale mwishoni. Akajinyoosha. Akafuta jasho. Akanitazama, akasema, "Zaituni, miye nina kiu, uende uniletee..."

Karakana ililipuka! Issa alianguka kwenye tairi. Ramazani kasimama, haelewi tunacheka nini, kisha akajisikia mwenyewe na mdomo ukabaki wazi. Kumbe na yeye fundi wake wa Kalemie alikuwa akimtuma sigara kila ikifika hapo. Hatua ya mwisho aliiba kwa kuchungulia dirishani. Ni ugonjwa wenu wote, Baba, ng'ambo hii na ng'ambo ile.

Akaweka spana chini. "Basi sogea," akaniambia. "Issa, na weye sogea."

Akaushika mkono wangu akauweka kwenye gurudumu la injini, nilizungushe polepole. Akanionesha kitone cha dizeli kwenye mdomo wa pampu. Kinatoka, kinatoka, unazungusha kidogo tena, halafu kinasimama. Hapo kinaposimama ndipo pampu inapofungwa. Nikazungusha, kikasimama, nikafunga. Nahodha akawasha. Moshi ukakohoa mara moja ukakatika, na injini ikaimba ile sauti niliyokuwa naikuta nikirudi na kikombe.

Ni hicho tu, Baba? Kitone? Niliogopa nitakukasirikia nikikijua. Badala yake nilikaa kwenye kigoda chako nikalia kwa kukukumbuka, kwa sababu nilijua sasa ulikuwa unatazama nini ulipokuwa peke yako humu, umeinamisha kichwa, na sisi wote umetupeleka mbali. Ulikuwa mpweke kidogo hapo, si ndiyo? Ungeniita ningekaa kimya nitazame nawe.

Alhamisi nitakuja na Mama kukusomea dua, na Ramazani anataka kupalilia pembeni ya kaburi, majani yameota. Usiwe na wasiwasi na Mama, anakula, ananigombeza, yuko sawa. Usiwe na wasiwasi na Mkongo wako. Kibali kina miaka yake, ikiisha tutaomba tena, na safari hiyo nitajibu mimi.

Mungu akupumzishe pema, fundi wangu. Nami nakuahidi hivi: yeyote atakayekuja kujifunza hapa, wa kike au wa kiume, nitamwita asogee kitone kikianza kusimama. Kahawa tutaifuata wote baadaye, tukishafunga. Na yako nitakunywa mimi, mpaka mwisho.

Mwanao,
Zaituni