Askari wa Maji na Maziwa ya Kaisho

Jumatatu, 4 Aprili 1949

Bwawani kabla ng'ombe hawajateremka. Maji ya baridi, yamejaa tope la mvua ya jana. Nimeogelea kwenda na kurudi. Bega la kushoto bado linagoma. Kisha nikazama na kushika pumzi mpaka kichwa kikaanza kuvuma. Wanawake waliokuja na mitungi wakacheka, wakachota, wakaenda zao. Wamenizoea.

Baada ya hapo kukamua, kukata nyasi, kupalilia migomba ya shemeji hapa kwa kaka. Mtu aliyetambaa ufukoni Burma na kisu mdomoni leo anapalilia migomba. Sawa tu. Lakini mwili nautunza. Sajini Malima alikuwa akisema komando wa maji akiyaacha maji msimu mmoja anageuka mchunga mbuzi aliyenyeshewa. Sitageuka.

Kaka Simeoni amerudi kutoka kwa Mzee Kagaruki jioni. Amekuwa mshenga wangu tangu mwaka mpya na miguu imemchakaa. Habari ni njema: tunakwenda Jumamosi, mimi mwenyewe nionekane mbele ya wazee. Nimtake binti yake, Keziah, kwa kinywa changu. Nimeandika jina lake hapa ili nilione.

Jumatano, 6 Aprili

Siku aliyokufa Malima. Kila mwaka siku hii nasimulia historia ya kikosi kwa sauti, kama alivyotuagiza. Wasikilizaji wangu leo ni ng'ombe.

Kikosi hakikuanza na sisi. Kabla yetu walikuwapo Waingereza wachache walioogelea gizani hadi ufuko wa adui, wakarudi na mchanga ndani ya soksi, ili wakubwa wajue kama magari ya vita yatapita au yatazama. Mtu anakwenda kufa kwa ajili ya mchanga. Hao ndio baba zetu. Baadaye wakaja wa mitumbwi ya turubai, wawili wawili. Kisha wakatafuta Waafrika wa kupiga makasia na kuvuta kamba. Waliojitokeza walikuwa watu wa pwani na wa maziwani. Na mimi, mfugaji wa Kaisho, ambaye maji yalikuwa hayajawahi kunipita magotini. Malima, Mkerewe, alinifundisha kuogelea kwa kunisukuma.

Jeshi kubwa lilivuka mito ya Burma kwa madaraja, na muziki. Sisi tulikuwa tumeshavuka. Hakuna aliyetupigia muziki na hatukuutaka. Majina: Malima. Ochieng'. Chisale wa Nyasa. Hamisi wa Lindi. Nimeyataja yote. Ng'ombe mmoja mwekundu akanitazama, wengine wakaendelea kula.

Jumamosi, 9 Aprili

Nimeharibu. Au sikuharibu. Sijui bado.

Tulipokelewa vizuri. Kahawa ya kutafuna ikapitishwa, na mbele yangu kikawekwa kibuyu cha maziwa, kimefukizwa moshi mzuri. Nikamwamkia Mzee Kagaruki kwa magoti. Simeoni akasema maneno yake ya ushenga, wazee wakaguna kwa kuridhika. Keziah alikuwa nyuma ya pazia la matete. Niliona vidole vyake tu.

Ndipo baba yake mdogo akauliza, kwa kicheko cha puani, kama ni kweli kwamba vitani nilikuwa mvushaji wa mitumbwi. Mvushaji! Damu ikanipanda. Ningeweza kucheka na kunyamaza. Simeoni alinikanyaga mguu. Lakini nikaanza na wale wa mchanga kwenye soksi, nikashuka mpaka kwetu. Walisikiliza. Naapa walisikiliza. Mzee mmoja aliacha kutafuna. Nikafika pale tulipokwama kwenye mikoko, adui juu yetu, chakula kimekwisha, na Malima akakamata samaki kwa mikono, akampasua kwa kisu, tukamla mbichi. Nusu yake, nusu yangu. Nilisema hivyo, nusu kwa nusu, kwa fahari.

Shangazi yake Keziah akaja, akainama, akakiondoa kibuyu mbele yangu kwa kukishika kwa jani la mgomba.

Mfugaji wa kwetu hali samaki. Aliyekula hanywi maziwa, maana ng'ombe watakauka. Nimelijua hilo tangu nikinyonya. Katika joto la kusimulia nilikuwa nimelisahau kabisa.

Jumapili, 10 Aprili

Simeoni hasemi nami. Alipofungua kinywa ilikuwa kuuliza kama miaka yote hii tangu nirudi nimekuwa nikinywa maziwa yake nikiwa na samaki tumboni. Nikamjibu kwamba samaki yule alikwishatoka siku nyingi. Hakucheka.

Ng'ombe wake hawajakauka. Nimemwambia hilo pia. Anasema ni huruma ya Mungu.

Shemeji ameniletea chai ya rangi. Kibuyu changu hakipo tena mahali pake. Nina hasira na nina aibu, na hasira ni nyingi zaidi.

Jumanne, 12 Aprili

Ujumbe kutoka kwa Kagaruki. Hawajanifukuza. Njia ipo, ni ya zamani: Jumamosi ya wiki ijayo niende, ninywe dawa ya kutapisha mbele ya wazee, kisha niseme maneno. Simeoni ameyakariri njia nzima asiyakosee. "Nilichokula ni uchafu, na niliokula nao siwajui."

Dawa sio shida. Nimekunywa mabaya kuliko hayo. Tatizo ni maneno.

Ijumaa, 15 Aprili

Ijumaa Kuu. Ibada ndefu, mvua ndefu.

Simeoni amezungumza nami siku nzima, kwa upole, na upole wake unachosha kuliko ukali. Maneno ni upepo, anasema. Wafu hawasikii. Malima akiwa rafiki kweli angetaka nioe. Hapo amenigusa. Malima angecheka, angesema sema tu, mjinga wewe, chukua mke. Namjua. Na ndiyo maana siwezi kusema kwamba simjui.

Namtaka Keziah. Naandika wazi maana hapa hakuna wa kunicheka. Nina miaka zaidi ya thelathini, sina mke, namtaka huyu na si mwingine. Namtaka tangu siku ile nilipomwona akimrudisha fahali zizini kwa kumkemea tu. Nikikataa maneno, nimemkosa. Hakuna njia ya tatu. Nimeitafuta.

Jumapili, 17 Aprili

Pasaka. Kanisa limejaa hadi nje. Baada ya ibada watu walisimama barazani kusubiri mvua ipungue, na nikajikuta karibu na Keziah, shangazi akiwa anasalimiana na watu. Nilitegemea machozi, au anisihi. Akaniuliza samaki alikuwa na ladha gani.

Nikamwambia chumvi, na mifupa mingi.

Akafikiri. Akauliza kama nitasema yale maneno. Nikamwambia sijui. Akasema, "Ukisema, nitakuja kwako. Lakini nitajua umeweza kusema hivyo." Shangazi akageuka. Wakaondoka kwenye mvua bila kuisubiri.

Sijalala mchana wala sijala. Sasa hata yeye hanisaidii. Au ndiye pekee anayenisaidia.

Jumamosi, 23 Aprili

Nilikwenda.

Uwanja ulifagiwa. Wazee kwenye vigoda. Dawa ilikuwa ya majani yaliyotwangwa, chungu, yenye povu. Nikainywa yote bila kupumua, wakaona pumzi za askari wa maji. Nikatapika mbele yao. Sikuona haya. Hiyo ni desturi ya baba zangu na tumbo ni langu, wana haki nalo.

Kisha baba mdogo akasema sasa maneno.

Nikanawa uso. Nikasimama wima kama gwarideni, visigino pamoja. Nikasema, "Malima wa Ukerewe. Ochieng'. Chisale wa Nyasa. Hamisi wa Lindi. Hawa nimekula nao na ninawajua." Nikapiga saluti. Sikuipanga, mkono ulikwenda wenyewe.

Simeoni akaufunika uso wake. Baba mdogo alisimama, akasema nimekuja kuwatukana kwenye uwanja wao, niende nyumbani. Nilimtazama Mzee Kagaruki. Alikuwa anatazama chini, midomo inacheza kidogo, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea mfukoni. Nikadhani ni hasira.

Nimerudi peke yangu. Simeoni alibaki kuomba radhi. Nimemkosa Keziah. Nimeandika. Bado ni kweli nikisoma tena. Naumia, lakini sijuti, na vyote viwili vinakaa ndani yangu pamoja.

Jumatatu, 25 Aprili

Bwawani kama kawaida. Nilikaribia kuacha kwenda, nikajilazimisha.

Nilipotoka majini, Mzee Kagaruki alikuwa amesimama ukingoni na fimbo yake. Peke yake, kwa miguu, tangu kwake. Nikavaa haraka nikamwamkia. Akaniambia niyataje tena yale majina, polepole. Nikayataja. Akauliza Chisale alikuwa mtu wa namna gani. Nikamweleza kwamba alikuwa akiimba ovyo na kugawa sigara zake zote. Akauliza na Ochieng'. Nikaeleza. Na Hamisi. Aliuliza kwa pupa, na mimi sikujua anataka nini.

Kisha akakaa kwenye jiwe, akasema bila kunitazama:

"Mimi nilikuwa mpagazi, vita vya Mjerumani. Tulikula panya, mwanangu. Tulikula ngozi. Tulitoka huku vijana wengi, nikarudi karibu peke yangu. Baba akanipa dawa, nikatapika, nikasema maneno. Nilitaka maziwa. Sasa ni mzee, nakaa nawatafuta wale vijana, na majina hayaji. Hata la yule aliyenibeba mgongoni."

Nikakaa naye. Ng'ombe wakaja, wakanywa, wakatuzunguka.

Akasema maneno hatanidai. Keziah ni wangu nikimtaka bado. Lakini maziwa ni jambo jingine, ukoo hautakubali mla samaki anywe kwenye vibuyu vya zizi, na yeye hawezi kupigana na ukoo mzima. Kwa hiyo Keziah atakuja na ng'ombe mmoja. Maziwa ya huyo ni yangu peke yangu, kwa kibuyu changu peke yangu, na hakuna mwingine atakayeyagusa. Nitakubali?

Nikamwambia kwa heshima ya kwetu, "Waitu baba, nakubali." Sauti yangu haikuwa ya askari hata kidogo.

Jumatatu, 13 Juni

Harusi ilikuwa juzi, kanisani kwanza, kisha nyumbani. Watu walikunywa, walicheza. Baba mdogo alikuja akala na hakuniangalia. Nimeridhika.

Leo siku ya kwanza ya kawaida. Ng'ombe wa Keziah ni wa rangi ya majivu, mpole, amefungwa mbali na zizi la Simeoni kama ilivyoagizwa. Nilimkamua mwenyewe. Keziah alikwishakifukiza kibuyu tangu alfajiri, nyumba nzima inanukia moshi wa nyasi. Nikamkabidhi maziwa, akayamimina taratibu.

Shemeji alikuwapo. Shangazi pia, maana amebaki wiki hii kumwelekeza mwali. Alikuwa ameketi mlangoni akimtazama Keziah kila hatua. Nilinyoosha mikono nipokee kibuyu changu. Nilikwisha kujizoeza kunywa peke yangu, jeshini mtu huzoea mambo.

Keziah hakunipa. Akakiinua, akanywa yeye kwanza. Si kuonja. Alikunywa hadi nusu.

Shangazi akasimama. Akamwuliza kama anajua alichokifanya, kwamba sasa hawezi tena kugusa maziwa ya zizi, wala ya kwa baba yake akienda kusalimu. Keziah akafuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Najua, shangazi. Nakunywa maziwa ya nyumbani kwangu."

Akanipa kibuyu. Nikanywa yaliyobaki.