Baba mkwe anapiga teke tairi za nyumba yetu

Shangazi Pudentienne, kila Jumanne nakusikiliza redioni ukisuluhisha shida za watu, leo zamu ni yangu, nisaidie kweli, rwose, kabla ya Jumamosi.

Mimi ni Kenny, nilikulia Mbarara, sasa niko Kabuga, mwezi ujao nafunga ndoa na Gaju, msichana anayecheka mpaka anakaa chini, na nyumba yetu iko tayari, ila iko na tairi sita. Ni Koasta, Shangazi, ile basi ndogo ya kubeba abiria, niling'oa viti nikaweka kitanda, jiko la gesi, friji, tangi la maji lita mia mbili, na pazia alizoshona Gaju mwenyewe. Hakuna mtu alinifundisha, naangalia kwa simu, nikikata mbao vibaya nakata tena. Yeye anapiga picha za harusi, mimi nafunga sola, tunataka tuzunguke nchi tukifanya kazi, leo Musanze, kesho Karongi, na tukichoka tunalala hapo hapo penye ziwa.

Shida imeanza na ibirongoranwa, unajua vile vitu bibi harusi anatoka navyo kwao. Mama mkwe amekataa katakata binti yake aingie nyumba tupu, hata kama hiyo nyumba inatembea, kwa hiyo ameleta sufuria, vyungu, vikapu, gunia za maharage, na kochi, Shangazi, kochi ya watu watatu, halafu mashangazi wa Gaju nao kila wakipita wanaleta kitu, na mimi mkwe nitakataaje? Nashukuru, napakia. Sasa gari imeinama kushoto kama mtu amebeba ndoo kwa mkono mmoja.

Baba mkwe, mzee Eustache, aliendesha maroli kutoka Bujumbura miaka mingi, yeye hapimi upepo, anapiga teke. Juzi alipiga tairi ya nyuma akasema, "Hii ni laini kama mkate, kijana." Nikaongeza upepo. Jana akapiga tena. "Sasa umefanya jiwe. Unataka kuvunja vyungu vya mke wangu?"

Fundi wangu Kubwimana wa Gatsata anasema weka upepo PSI sitini, kibandiko cha mlangoni kinasema sabini, tairi yenyewe imeandikwa tisini na tano, mimi nikasema kubwa ndiyo salama, nikajaza tisini na tano pale Gatsata, nikaendesha mpaka Kabuga na jua kali, kupima nakuta imepita mia, nikaogopa, nikatoa upepo, asubuhi nikapima tena, imeshuka chini, nikajaza, mchana imepanda, nikatoa. Gaju ananiuliza, "Kenny, umeoa mimi au umeoa tairi?" Nikamwambia bado sijaoa mtu, ndiyo maana napima kila saa.

Kwa sababu mzee ameshatoa hukumu. Jumamosi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, tunaenda Kayonza na kurudi, mizigo yote ndani, yeye na mama ndani. Alisema mbele ya watu wote, "Tairi moja ikipasuka, vitu vinashuka, na binti yangu anashuka navyo. Mtangoja mpaka utafute nyumba yenye msingi."

Shangazi, niweke ngapi?

Kenny, Kabuga

*

Kenny, pole, hongera, na hiyo pampu iweke chini kwanza.

Unaniuliza namba, na mimi siwezi kukupa namba ya gari ambayo hakuna anayejua uzito wake. Umeuliza fundi, kibandiko, tairi na mzee, kila mmoja kakujibu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza umebeba nini. Kibandiko cha mlangoni kiliandikiwa basi yenye viti, hakijui habari za kochi. Na tisini na tano iliyoandikwa kwenye tairi ni mwisho wake, usipite hapo. Hukuambiwa kuwa lazima ufike hapo. Ukijaza bila sababu, gari inarukaruka na breki hazishiki vizuri. Ukipunguza mno, tairi inachemka, na inayochemka ndiyo inayopasuka.

Kupima na jua kali ukatoa upepo, hapo nakugombeza, mwanangu. Tairi iliyotembea inapanda yenyewe, ni kawaida yake. Pima asubuhi ikiwa baridi, kabla gari haijasogea. Jumamosi msitoke kabla ya saa tano kwa ajili ya umuganda, lakini geji ya upepo itumike kabla jua halijagusa upande mmoja.

Sasa, kabla ya hiyo Jumamosi, pakia kila kitu, jaza maji, jaza mafuta, nenda penye mizani ya maroli. Omba wakupimie ekseli ya mbele, yaani magurudumu ya mbele, peke yake, ya nyuma peke yake, na wakikubali, kila upande. Wazee wawe ndani. Mama mkwe usimuulize kilo zake, nakuonya. Mwambie mnapita kuchukua soda. Mizani inasoma gari, haitaji majina.

Ukipata uzito, mpe Kubwimana aangalie jedwali la uzito na upepo la kampuni iliyotengeneza tairi zako. Upande mzito ndio unaochagua namba, na pande zote mbili za ekseli hiyo zinajazwa sawa. Usijaribu kuinyoosha gari kwa upepo. Imeinama kwa sababu tangi, friji na gunia umeziweka zote kushoto. Lita mia mbili za maji ni kilo mia mbili, umeoa na wageni watatu wanaoishi ndani ya tangi. Hamisha.

Na ukikuta umepita uzito ambao gari inaruhusiwa, hakuna upepo wa kukuokoa, kitu kinashuka. Najua unaogopa kukataa zawadi. Nani kakwambia ukatae? Umeshapokea, umeshashukuru, na kupokea siyo kubeba. Kochi ibaki sebuleni kwa mama, iitwe kochi ya Gaju, mkija kusalimia mnaikalia. Hilo aseme Gaju, siyo wewe.

Imebaki miguu ya mzee. Usimbishie, barabara anaijua kuliko wewe. Lakini tairi zako za nyuma ziko mbili mbili, na ile ya ndani imejificha nyuma ya mwenzake kama mtoto mwenye kosa. Teke haifiki pale. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi usipime mwenyewe. Mpe geji kwa mikono miwili, umwambie, "Mzee, tusomee." Mpeleke tairi moja moja, zote sita, mpaka zile za ndani, na namba aitamke yeye.

Akishasoma ya sita, hiyo gari ni yake pia. Na sijawahi kuona dereva wa roli akimshusha mtu kwenye gari aliyoikagua mwenyewe.

Picha za Kayonza nitumie. Na ya kochi.