Mlinzi Aitwe, Mlinzi Aitike

Malindi, 4 Machi 1986

Binti yangu Mastura,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, mamako mzima, goti tu hunisumbua mvua ikikaribia. Mkono huu ni wangu, sikuandikiwa na mtu. Tangu nisome ngumbaru, lile darasa la watu wazima, hakuna mzee hapa anayeniweza kwa kalamu.

Tajiri wa hoteli amenunua king'ora cha umeme kwa kampuni hiyo unakofanya ukarani. Sasa katukataza kuitana, ati wageni hawalali. Usiku mimi niko lango la mbele, mlinzi mwenzangu Kiponda ukuta wa nyuma. Naita, "Upo?" Naye, "Nipo, mzee wa majigambo!" Asipoitika, nakwenda na rungu langu. Mwizi gani atapita hapo? Waambie wakubwa zako.

Babako, Awadh

Mombasa, 21 Machi 1986

Baba, shikamoo. Mimi sijambo. Goti ulikande kwa mafuta ya nazi ya moto, usibishe.

Mkubwa wangu amekubali kupeleka hoja yangu kwenye chama cha makampuni ya ulinzi: king'ora kimsaidie mlinzi, kisimnyamazishe, walinzi waendelee kuitana. Watakutana Agosti, huko huko Malindi. Mpaka hapo, Baba, nakusihi nyamazeni. Ukifukuzwa, watasema namtetea babangu tu.

Mwanao, Mastura

Malindi, 9 Juni 1986

Mastura,

Salamu ni zile zile. Kiponda tumemzika kwao Magarini.

Mvua ilikata umeme, king'ora kikafa. Wezi wakampiga pale ukutani. Daktari kasema damu ilimtoka taratibu, angewahiwa angepona. Mimi nilikuwa langoni macho wazi, sikusinzia, muulize yeyote. Nilinyamaza. Mimi niliyembishia hata D.O. wa serikali, nilikutii wewe. Alfajiri nilimpelekea kahawa, ndipo nikamkuta.

Sikulaumu. Lakini Sidi mkewe aliniuliza, "Hukumwita?" Nikajificha nyuma ya waombolezaji. Mimi!

Babako

Malindi, 30 Agosti 1986

Binti yangu,

Mamako anakusalimu, anauliza kama unakula. Ile barua ya msiba hukuijibu, wala ya Julai. Na mkutanoni mkubwa wako alikuja peke yake.

Nilikwenda, sikualikwa. Mlangoni wakasema, "Mzee, huu ni mkutano wa wenye makampuni." Nikawaambia, "Bila mimi mngeuza nini?" Nikaingia.

Hoja yako ilisomwa vizuri. Wakabishana weee, usingizi wa wageni, usingizi wa wageni. Nikasimama, nikaita kwa sauti yangu ya langoni: "Kiponda, upo?"

Ukumbi ukanyamaza. Nikawaacha wakisikilize kimya kile. Kisha nikasema, "Hiki ndicho ningekisikia siku ile, nikakimbia." Nikatoka, sikungoja chai yao.

Hoja wameipitisha, ila wameongeza neno: walinzi waitane "ikiwezekana." Hoteli imesema haiwezekani. Ukuta wa nyuma hawajaweka mtu, wameongeza king'ora cha pili.

Mimi naita vivyo hivyo. Wanifukuze wakitaka. Naita, nasikiliza, naendelea na zamu.

Sauti yangu husikika hadi Mambrui, lakini Mombasa haifiki, ndiyo maana naandika. Mwanangu, ulisema tunyamaze kwa kunihurumia, nami nalijua hilo. Sasa usininyamazie wewe.

Mastura, upo?

Babako, Awadh