Papa na chanjo ya ng'ombe

Gentille, haya itaniua!! Papa amenihaibisha mbele ya kijiji kizima 😭

Muganga wa hospitali alikuya kanisani kutuelezea: vizuizi vya Corona vitaisha kama watu wengi wanachanjwa. Mpaka pale, arusi yangu haiwezi kupita watu makumi mbili.

Papa akasimama: «Ng'ombe zangu zote zilishachanjwa. Uzihesabu pamoja na watu, kisha mufungue!»

Ng'ombe, Gentille. NG'OMBE!!

Muganga akamuuliza: «Na wewe mwenyewe, Papa Semana?»

Papa akajibu polepole: «Miye naogopa sindano.»

Watu wakacheka mpaka pasta akakaa chini. Mama akamukokota kwa mukono, wakamuchanja pale pale. Alilia, weee!

Sasa iko anazunguka nyumba kwa nyumba, anaonyesha bega: «Wewe unangoja nini? Mutoto wangu anataka kuolewa!»